Kintu Ilivyoanzia Nyumbani

Kwa mwandishi wa Meru au Embu mwenye riwaya yake ya kwanza ya kihistoria, kesi ya kuchunguza ni ya jirani: Jennifer Nansubuga Makumbi wa Uganda na kitabu chake Kintu.

Makumbi, aliyekuwa akiishi Manchester, alibisha kwanza milango ya Uingereza. Wachapishaji wa huko waliona mswada ni wa Kiafrika mno. Mwaka 2013 mswada huohuo ukashinda shindano la Kwani Trust la Nairobi, na 2014 ukatoka kitabu. Mwaka huo pia Makumbi akatwaa Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola. Bahati? Kiasi. Wengi husifiwa wakati hawana cha kuuza. Yeye alikuwa nacho, tena kipya.

Ila kazi kubwa ya kumvuta msomaji ilikwisha kufanyika ndani ya mswada. Kintu ni jina la mtu wa kwanza katika masimulizi ya Buganda, kwa hiyo jalada pekee linamwachia Mganda swali: ndiye yule? Siye. Huyu ni Kintu Kidda, mkuu wa jimbo la Buddu, ambaye mwaka 1750 anafunga safari kwenda kwa kabaka mpya, mfalme wa Buganda. Njiani anampiga kofi kijana aliyemlea, kijana anafariki, na laana inauandama ukoo. Lakini kitabu chenyewe kinafunguka Bwaise, mtaa wa Kampala, 2004, watu wenye hasira wakimuua mmoja wa uzao huo. Ukoloni umerukwa karibu wote.

Huo ni ujasiri, maana riwaya zetu za kihistoria zimezoea kumngoja Mzungu afike ndipo historia ianze. Makumbi anampa msomaji mapacha, urithi na laana, mambo ambayo watu hubishania matangani hadi leo. Mengi ya Kiganda hayafafanuliwi. Transit Books walipokitoa Marekani mwaka 2017 ndipo Aaron Bady akaandika utangulizi: mgeni aliandaliwa sahani baada ya wenyeji kula.

Mbinu hii ina upungufu. Kintu iliandikwa kwa Kiingereza, na nchini Kenya vitabu vilianza kutozwa VAT ya asilimia 16 mwaka 2013. Msomaji wa mfuko mwepesi hupotea hapo.

Meru na Embu zina njia ya kumfikia: redio. Muuga FM hutangaza kwa Kimeru, Wimwaro FM husikilizwa na Waembu na Wambeere. Visa navyo vipo, kuanzia Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Ameru, hadi Musa Mwariama, kamanda wa Mau Mau aliyekuwa bado msituni uhuru ulipofika 1963. Mwenye mswada wa aina hiyo na aombe nafasi asome sura moja hewani kwa lugha ya wasikilizaji, kabla hajamwomba yeyote atoe pesa.