Mgao wa Nguvu na Siri ya Kitovu: Uundaji wa Mhusika katika Mchezo wa Mtandao na katika Utenzi wa Fumo Liyongo

Makala haya yanachunguza swali ambalo huenda likaonekana geni katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili: mchezaji wa mchezo wa kuigiza wahusika kwa kompyuta anapoamua jinsi ya kumuunda mhusika wake, anachagua nini hasa? Tunadai kwamba swali hili si geni hata kidogo, na kwamba utenzi mmoja wa pwani yetu ulikwisha kulijibu.

Kwanza tueleze mchezo wenyewe. Asili yake ni Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotolewa Marekani mwaka 1974, ambamo mhusika hupimwa kwa sifa sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, hekima na mvuto. Michezo ya mtandao ilirithi hesabu hiyo. Katika Ultima Online ya mwaka 1997, kila ujuzi ulikuwa na kikomo cha alama 100, lakini jumla ya ujuzi wote, katika miaka ya mwanzo, haikuruhusiwa kuzidi 700. Basi aliyetaka kuwa bingwa wa upanga na papo hapo bingwa wa muziki alilazimika kunyima fani nyingine. Kupata huku ni kupoteza kule.

Tumchukulie sasa mwanafunzi wa Chewele, upande wa Bura katika Kaunti ya Tana River, mwenye simu mkononi, anayesita kati ya shujaa wa mabavu na shujaa wa nyimbo. Mto ule ule unaopita kwao huteremka hadi nchi ya Garsen na kumwagika baharini karibu na Ozi na Kipini, mahali ambapo masimulizi yanamhusisha Fumo Liyongo. Shujaa huyo hakusita. Katika utenzi uliotungwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, yeye ni jitu la nguvu, bingwa wa mishale na malenga kwa pamoja. Je, tuseme mtunzi alivunja kanuni ya mgao?

Tukiufuata mtiririko wa matukio, tunaona kwamba sifa hizo hazikuwekwa kama akiba; kila moja hudhihirika pale haja inapoiita. Wanaotumwa kumuua wanapendekeza wapande mkoma kwa zamu, ili zamu yake ikifika wamchome akiwa juu. Yeye anaziangusha koma kwa mishale. Gerezani Pate, nguvu zake hazimfai kitu. Kinachomwokoa ni wimbo, ambao kijakazi Saada anaupeleka kwa mama, na mama anauelewa: anaoka mkate na kuficha tupa ndani yake. Pingu zinakatwa huku kishindo cha gungu kikizima sauti ya chuma. Hapa wimbo si alama za mtu mmoja. Ungekuwa bure kama kusingekuwa na kijakazi wa kuubeba na mama wa kuufumbua.

Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba utenzi wenyewe una watu wanaomtazama Liyongo kama mchezaji anavyotazama jedwali la sifa. Wagala, jina la zamani ambalo Waoromo wamelikataa, wanamtaka kwa ajili ya mbegu: wamwoze binti yao ili nguvu zake zibaki kwao. Mtoto anazaliwa, naye anarithi nguvu. Lakini ni mtoto huyo huyo anayehadaiwa na Sultani wa Pate kwa ahadi ya ndoa, akamuuliza babaye kinachoweza kumuua, kisha akamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Udhaifu wa Liyongo, basi, haukutokana na upungufu wa alama. Ulikuwa siri, na siri humwangamiza mtu kupitia yule anayempenda.

Hata hivyo, si haki kuubeza mchezo. Kanuni yake ya uhaba inafundisha ukweli mmoja wa tanzia: hakuna uwezo usio na gharama. Kasoro yake ni kwamba gharama hiyo inalipwa katika hesabu. Katika utenzi, inalipwa katika uhusiano wa watu.

Kasoro hiyo, kwa bahati mbaya, si ya mchezo peke yake. Ni mara ngapi darasani tunamwagiza mwanafunzi ataje sifa za mhusika, naye akaorodhesha: jasiri, mwerevu, mkarimu, kisha akapewa alama? Orodha hiyo ni jedwali lile lile la kompyuta. Aristotle aliweka tendo mbele ya tabia, na Kijumwa anamuunga mkono kwa vitendo. Mwalimu wa Chewele angefanya vyema kuuliza: ujasiri huu ulijitokeza lini, kwa kuitwa na nani, na nani aliulipia?

Liyongo alikufa amepiga goti kisimani, upinde mkononi, na watu wakaogopa kumkaribia wakidhani yu hai. Walikuwa bado wanahesabu nguvu zake, ilhali mwenyewe alikwisha kuondoka.