Umoja Unaohesabiwa kwa Pointi

Jioni kwenye viwanja vya shule za Upper Hill, makocha huwasihi vijana wacheze kama timu. Kusihi ni kuzuri lakini hakutoshi. Ng'ambo ya jiji la Nairobi, katika mtaa wa Mathare, chama cha michezo cha vijana cha MYSA kimeonyesha tangu 1987 kwamba umoja unaweza kuandikwa ndani ya kanuni za ligi.

Mwanzilishi wake, Bob Munro kutoka Kanada, aliunganisha kandanda na usafi wa mtaa. Timu inayomaliza zamu yake ya kuzoa taka na kuzibua mitaro hupata pointi 6 kwenye msimamo wa ligi, zaidi ya zile za kushinda mechi. Ufundi wenyewe umo hapo. Uwanjani, kijana mmoja mwenye kipaji anaweza kuwabeba wenzake kumi, nao wakazoea kubebwa. Mtaroni hakuna wa kukubeba: mfungaji bora hushika koleo sawa na kipa wa akiba, na mtoro huwaponza wote. Kocha hana haja ya kumfuata mtoro nyumbani, maana wenzake watakuwa wamefika huko kabla ya kocha.

Mwaka 1985, mtafiti Albert Carron na wenzake walitenganisha, ndani ya timu, mshikamano wa kazi na ule wa urafiki. MYSA ilianza na wa kazi, na naamini ilichagua vyema. Huwezi kuwaamuru vijana wa makabila mbalimbali wapendane. Kazi moja unaweza kuwapa.

Kocha wa MYSA naye mara nyingi ni kijana wa mtaa uleule, aliyewazidi wachezaji miaka michache, anayejitolea. Kufundisha na kuchezesha mechi humpa pointi za kuwania msaada wa karo. Anayeonyeshwa kadi nyekundu hutakiwa kuwa refa wa mechi za wadogo kabla ya kurudi kucheza. Adhabu hii naipenda kuliko faini yoyote, kwa kuwa mkosaji hajatengwa. Anarudishwa katikati ya wenzake, safari hii akiwa na filimbi na dhamana.

Na matunda yameonekana: Mathare United, klabu iliyozaliwa ndani ya MYSA mwaka 1994, ilitwaa ubingwa wa Kenya 2008. Francis Kimanzi, aliyekulia MYSA, alikuja kuifundisha timu hiyo na hata timu ya taifa, Harambee Stars.

Kocha wa Upper Hill, kabla ya msimu ujao, tazama kanuni zako zinahesabu nini zaidi ya mabao, kisha wape vijana wenyewe nafasi ya kuhesabu.