Pua ya Mtengeneza Mboji

Mtengeneza mboji hodari utamjua kwa pua. Huko Hombolo au Mpunguzi, kwenye mashamba ya mizabibu ya Dodoma, mwezi wa Oktoba, husogea penye shimo lake la samadi, akavuta pumzi, na papo hapo akajua kama mali yake ingalipo au inakwenda na upepo.

Harufu ile inayowasha macho ni amonia. Mkojo wa ng'ombe una yurea, nayo ikikutana na kinyesi, bakteria huigeuza upesi kuwa amonia. Kwenye zizi lisilo na matandiko, kwa jua na upepo wa Dodoma, naitrojeni nyingi hupotea hivyo kabla hata koleo halijashikwa. Ndiyo maana fundi hutandika mabua ya mtama na uwele. Mabua hunyonya mkojo, tena yana kaboni tele. Vijidudu vinavyokula kaboni hiyo huhitaji naitrojeni ya kujengea miili yao, basi huikamata amonia kabla haijapaa. Mchanganyiko mzuri ni sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa moja ya naitrojeni. Fundi hana mizani ya kupimia hayo, lakini anajua: mabua yakizidi, shimo hupoa na kudumaa, samadi ikizidi, hunuka.

Katikati ya shimo huchomeka kijiti kirefu. Siku chache baadaye hukichomoa na kukishika. Kikiwa cha moto na chenye unyevunyevu, kazi inaendelea. Kikiwa kikavu, itabidi atafute maji, na hapa maji hayachezewi: mvua ni milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Shimo hutunza unyevu kuliko lundo la juu ya ardhi.

Ndani, joto hufikia nyuzi 60 za Selsiasi na kuua mbegu nyingi za magugu. Lakini joto hilohilo huisukuma amonia itoke, kwa hiyo fundi hulifunika shimo kwa udongo. Jivu la jikoni, ambalo wengi hulimwaga humo bila kusita, likizidi huifukuza zaidi.

Ninachokistahi kuliko vyote ni subira yake shimo linapopoa. Joto likishuka chini ya nyuzi 40 hivi, bakteria wengine hushika zamu na kuigeuza amonia iliyobaki kuwa naitreti, chakula ambacho mizizi hukipokea kwa urahisi. Hapo adui si upepo tena, ni mvua, maana naitreti huyeyuka na kuzama ardhini. Shimo lisilofunikwa Desemba hupoteza kilichookolewa tangu Oktoba.

Naitrojeni yote aliyoitoa ng'ombe haifiki shambani, hata kwa fundi bora. Inayofika, sehemu kubwa imefungwa ndani ya mboji nyeusi na hutoka polepole, msimu baada ya msimu, na mzabibu, mmea wa miaka mingi, hunufaika sana na mlo wa namna hiyo. Fundi huchimba mfereji kuzunguka shina, huimwaga mboji na kuifukia siku hiyohiyo.