Uhai na Ngeli: Nyamgondho Alipogeuka Mti

Vitabu vingi vya sarufi vitumikavyo shuleni huita ngeli ya A-WA "ngeli ya viumbe wenye uhai". Jina hilo lina kasoro, na kasoro yenyewe haionekani Lamu wala Unguja kama ionekanavyo Macalder, katika Nyatike, ambako mwanafunzi huja darasani na Dholuo, lugha isiyo na upatanisho wa ngeli. Mwambie kwamba A-WA ni ya vyenye uhai, naye ataandika "mgomba amezaa" na "mti amekufa". Atakosolewa kwa wino mwekundu, ilhali ameifuata kanuni kama alivyopewa.

Hebu tuipime kanuni hiyo kwa hadithi ya Nyamgondho mwana wa Ombare, isimuliwayo Gwassi, kwenye ufuko wa Nyandiwa, kaskazini ya Macalder. Katika masimulizi mengi, Nyamgondho ni mvuvi fukara ambaye siku moja wavu wake unamwopoa mwanamke mzee kutoka ziwani. Anamchukua nyumbani, na ng'ombe wanajaa zizini. Kisha utajiri na pombe vinampa kiburi, anamtukana mkewe. Mwanamke anarudi ziwani, mifugo yote ikimfuata. Nyamgondho anawakimbilia hadi ufukoni, anasimama ameegemea fimbo yake, na hapo hapo anageuka mti.

Katika Dholuo, mtu akisimama husemwa "ochung'", na mti ukisimama husemwa vilevile "ochung'". Kitenzi hakibadiliki, kwa hiyo msikilizaji haambiwi ni wapi mtu alipokoma. Msimulizi wa Kiswahili hana nafasi hiyo. Akisema "umesimama" amekwisha kumzika Nyamgondho. Akisema "amesimama" amekataa kumzika. Kwa maoni yangu tafsiri iliyo bora ni ile ishikayo jina: "Nyamgondho yungali amesimama". Wanaokimbilia "mti ukabaki pale" wanaiua hadithi kwa silabi moja.

Je, A-WA ni alama ya uhai? Hata kidogo. Malaika na majini wamo, wala hawali wala hawazeeki. Marehemu yumo. Samaki aliyekwisha kukaangwa, yu sahanini pamoja na ugali, bado tunasema "ameiva"; lakini matete yanayoota kandokando ya ziwa, yanayokunywa maji na kuzaana, hayamo. Kijusi kinachokua tumboni ni KI-VI. Tazama pia neno kiboko: mnyama "amelala" mtoni, lakini mjeledi uliokatwa katika ngozi yake "kimelala" mezani. Hapo lugha imetambua kifo, lakini kwa samaki wa sahanini imekisahau. Sheria ya sarufi si sheria ya biolojia, ambayo huuhesabu mti kuwa hai kwa kuwa una seli, hujilisha, hukua na huzaa. Virusi navyo vinawagawanya wanabiolojia wenyewe, kwa kuwa haviwezi kuzaana nje ya seli ya kiumbe mwingine. Sishangai basi kusikia "virusi hivi" na "virusi hawa". Hata hilo neno kiumbe halijatulia: wengine "viumbe hawa", wengine "viumbe hivi".

Tena kitenzi kufa hakiulizi ngeli. Mgodi wa shaba wa Macalder ulifungwa mwaka 1966, nasi twaweza kusema ulikufa, bila kudai kwamba ulipata kupumua. Leo wachimbaji wadogo hutafuta dhahabu huko, na hutumia zebaki kuinasa. Zebaki ikifika majini, bakteria huigeuza kuwa sumu iingiayo mwilini mwa samaki, na kutoka kwa samaki hadi kwa mlaji. Mwalimu wa Nyatike anayetaka kueleza mwenendo huo kwa Kiswahili anahitaji neno uhai likiwa na maana yake kamili, pamoja na mimea na vijidudu visivyoonekana. Asilikute limekwisha kufungiwa katika kiambishi.

Ngeli hiyo na iitwe A-WA tu, kwa viambishi vyake. Zoezi la kwanza liwe kuisimulia hadithi ya Nyamgondho mara mbili, kwa "a-" na kwa "u-", na wanafunzi waulizwe ni ipi ambayo bibi zao wangeikubali.