Pete Moja, Maradhi Mawili

Katika picha za CT za ubongo wa mgonjwa wa UKIMWI kuna umbo moja ambalo limewasumbua madaktari tangu miaka ya 1980: pete. Mgonjwa amedungwa dawa ya kung'arisha kwenye mshipa, dawa imevuja pale kuta za mishipa ya ubongo zilipoharibika, na kwenye kioo limetokea duara jeupe lenye kiini cheusi. Huenda ni toksoplasmosisi, maambukizi ya kimelea kinacholala mwilini mwa watu wengi bila wao kujua, kikaamka kinga iliposhuka. Huenda ni limfoma, saratani ya chembe nyeupe za damu iliyoota ndani ya ubongo wenyewe. Ya kwanza hutibika kwa vidonge. Ya pili ikikosa tiba huua katika miezi michache. Namstahi sana daktari wa radiolojia anayekaa mbele ya pete hiyo na kukataa kukurupuka.

Ugumu wake una sababu. Kwa mtu asiye na VVU, limfoma ya ubongo kwa kawaida hung'aa bonge zima. Kwa mwenye UKIMWI, hasa chembe za kinga za CD4 zikiwa chini ya 50, katikati ya uvimbe hufa na kubaki ukingo tu. Saratani huvaa sura ya jipu. Kwa hiyo msomaji hodari wa picha haanzi na pete. Anaanza na picha iliyopigwa kabla ya dawa, ile ambayo mwenye haraka huiruka. Chembe za limfoma zimesongamana, kila moja ina kiini kikubwa na ute kidogo, na uvimbe wake huweza kuonekana mweupe kuliko ubongo unaouzunguka hata kabla ya sindano.

Kisha anatazama mahali. Toksoplasmosisi hupenda sehemu za ndani zinazoongoza mwendo wa viungo, na pia mpaka kati ya tabaka la kijivu na jeupe. Mara nyingi madoa huwa mengi. Limfoma hujibanza kando ya vyumba vya maji ya ubongo, hutambaa kwenye kuta zake, na pengine huvuka korpasi kalosamu, mkanda wa nyuzi unaounganisha nusu mbili za ubongo. Uvimbe ulio peke yake, uliozidi sentimita 4 na kuvuka mkanda huo, humfanya aegemee upande wa saratani. Aegemee tu, asiape. Na CT ikionyesha doa moja ataomba MRI, maana MRI ina desturi ya kufichua mengine madogo.

Miaka ya 1990 wataalamu wa tiba ya nyuklia walitumia njia ambayo kwa wazo lake naiona nzuri kuliko zote. Waliwadunga wagonjwa thaliamu-201, ambayo chembe hai huipokea kama potasiamu. Limfoma huinyonya, doa likawaka. Jipu la toksoplasmosisi kwa kawaida hubaki giza. Uvimbe wa chini ya sentimita 2 huweza kuponyoka. Siku hizi PET hufanya kazi ya namna hiyo kwa sukari yenye mionzi. Maji ya uti wa mgongo nayo yakikutwa na vinasaba vya virusi vya Epstein-Barr, ambavyo huwamo karibu katika kila limfoma ya ubongo ya wenye UKIMWI, ushahidi unashikana. Lakini shinikizo ndani ya fuvu likiwa kubwa, kutoa maji hayo kunaweza kumuua mgonjwa.

Hata hivyo, kipimo ninachokiheshimu zaidi ni wiki mbili. Mgonjwa anaanzishiwa dawa za toksoplasmosisi, hata Septrin, kisha baada ya siku 10 hadi 14 anapigwa picha tena. Picha ya pili inalinganishwa na ya kwanza, doa kwa doa. Jipu husinyaa; limfoma haijali dawa hizo. Katika muda huo daktari hujitahidi kutompa deksamethasoni, isipokuwa uvimbe unahatarisha uhai, kwa sababu steroidi hiyo huua chembe za limfoma kwa muda na kupunguza maji yanayovimbisha ubongo. Picha ingependeza, kila mtu angefurahi, na saratani ingerudi. Kungoja huku kunafaa sana Afrika Mashariki, ambako thaliamu na PET ni adimu, na ambako kifua kikuu nacho hutengeneza pete zake ubongoni na lazima kiwemo kwenye hesabu tangu mwanzo.

Madoa yasipopungua, daktari wa upasuaji hutoboa fuvu na kuchukua kinyama kwa sindano. Hapo pia msomaji wa picha ndiye anayeonyesha pa kulenga: ukingo unaong'aa, si katikati, kwa kuwa kiini kimejaa chembe zilizokufa na maabara haitapata humo cha kusoma.