Mto Uliosemewa: Tafakari juu ya Tamthilia ya Kinjeketile

Katika tamthilia yake Kinjeketile (1969), yenye kisa cha Vita vya Maji Maji vya 1905–1907, Ebrahim Hussein anauinua Mto Rufiji dhidi ya mashamba ya pamba ya Wajerumani. Mzimu Hongo humchukua mtu majini, naye hurudi na dawa ya vita. Je, mto ndio uliopigana? Sidhani. Mjerumani aliona pamba bondeni. Wapiganaji waliona kinga ya risasi majini. Kinjeketile mwenyewe alitambua kwamba neno limemponyoka. Huo ndio uzito wa tamthilia hii. Nasi wa Kihonda, tunywao maji yatokayo Uluguru, tukumbuke: uumbaji si mungu wala mtumwa, bali ni amana. Tusiusemee mimbarani pasipo kuutunza mlimani.