Kuandika, Kufuta na Kuongeza: Hoja Kuhusu Istilahi za Faili

Mfasiri wa vitabu vya kompyuta anapofikia maelezo ya kuingiza maandishi katika faili kwa njia ya amri, hukuta alama mbili: > na >>. Alama hizi hutumika katika mfumo wa Unix, ulioanzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell huko Marekani, na katika mifumo mingi iliyoufuata. Tafsiri tunayoihakiki hapa imezieleza zote mbili kwa maneno yaleyale: ‘andika katika faili’. Twaona kwamba maelezo hayo hayatoshi, na tena yana hatari.

Alama ya kwanza hufuta yote yaliyomo kabla ya kuandikwa neno lolote jipya. Ya pili huyaacha ya zamani na kuongeza mapya mwishoni. Aidha, ufutaji huo hutangulia hata utekelezaji wa amri yenyewe. Mtu akiandika sort majina > majina, akitumaini kwamba orodha yake itapangwa kialfabeti, atakuta faili tupu.

Na tukumbuke mazoea ya wasomaji wetu. Katika masjala, karani akiambiwa aweke barua katika faili, huiongeza kwenye zile zilizotangulia, hathubutu kuzitupa. Hivyo mtumishi aliyezoea masjala akisoma ‘andika katika faili’, ataamini kuwa kumbukumbu zake za zamani zi salama. Zikipotea, kosa si lake, bali ni la mfasiri.

Yawezekana mtu akapendekeza ‘andika juu ya faili’. Hiyo ni tafsiri sisisi, na kwa Kiswahili maana yake ni kueleza habari za faili. ‘Andika upya’ nayo humfanya msomaji afikirie kusahihisha maandishi yaliyopo, si kuyapoteza.

Sisi tunapendekeza ‘kufuta na kuandika’ kwa alama ya kwanza, na ‘kuongeza mwishoni’ kwa ya pili. Huenda ikasemwa kwamba istilahi hizi ni ndefu. Lakini ufupi unaoficha hasara hauna faida. Istilahi iliyo bora humwonya mtumiaji kabla hajabonyeza kitufe, kwani kwa kawaida kompyuta haitamwuliza mara ya pili.